Havutwi Kwenye Kiti cha Abiria

Katika mji ule mdogo uliozungukwa na mchanga pande tatu, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Havutwi. Alianza kazi akiwa utingo wa lori la maji, akapanda hadi usukani, na kwa miaka thelathini na moja, kwanza kwenye lori na baadaye kwenye gari lake mwenyewe la abiria, hakuna aliyewahi kumfungia kamba amvute. Akikwama, alijikwamua. Alishuka, akalizunguka gari mara moja mikono nyuma kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua, akachimba, akapanda, akaenda zake.

Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sasa amestaafu, na mumewe alimwita Mwalimu hata nyumbani, hata chumbani. Leseni alikuwa nayo. Enzi za kazi aliendesha basi dogo la shule kwenye lami. Mchangani hakuwahi kushika usukani. Si kwamba alikatazwa. Kiti kilikuwa na mwenyewe tu.

Mwaka uliopita walibadilisha gari. Hili jipya lilikuwa fowili, gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne, la mtumba lakini la kisasa, lenye vitufe ambavyo Havutwi hakuvielewa wala hakuvipenda.

"Gari linajifikiria lenyewe," alinung'unika. "Sasa mimi humo ndani kazi yangu nini?"

Basi kila jioni, meza ikishafutwa, Mwalimu alivaa miwani akamsomea kitabu cha gari ukurasa kwa ukurasa, kwa sauti ileile aliyowasomea watoto wa darasa la tatu. Havutwi alisikiliza amefumba macho. Alidai anafumba ili asikie vizuri. Ukweli ni kwamba mtoto wa jicho alikuwa ameshaanza kumfunika jicho la kulia, na hakuwa amemwambia mtu. Siku alipomimina chai pembeni ya kikombe, Mwalimu alileta kitambaa akafuta. Kesho yake asubuhi alikwenda zahanati kumwombea nafasi ya upasuaji.

Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mchanga. Havutwi aliendesha mwenyewe kwenda, taratibu, kwa jicho la kushoto na mazoea. Upasuaji ukaenda salama. Asubuhi iliyofuata nesi alimbandika kikombe cha plastiki juu ya jicho, akampa masharti: asibebe kizito, asiiname, asiendeshe gari mpaka daktari amwone tena.

"Nani anaendesha?" nesi akauliza.

Havutwi, ufunguo mkononi, akafungua mdomo. Mwalimu akauchukua ule ufunguo polepole, kama anayemtoa mtoto mkasi mkononi.

"Mimi," akasema.

Lami ilipokwisha, akasimamisha gari. Mbele yao kulikuwa na kilomita kumi na moja za mchanga, mweupe, laini kama unga. Kazi ya kwanza ilikuwa kupunguza upepo wa matairi, ili yalale kidogo na yashike eneo kubwa. Havutwi akafungua mlango ashuke. Mwalimu akamshika mkono.

"Nesi alisema usiiname."

"Ni tairi tu."

"Tairi liko chini, mume wangu. Huwezi kulifikia umesimama."

Akashuka yeye, akapiga magoti kwenye kila tairi, huku mumewe, amesimama, akimsomea kipimo chenye mpira mrefu kwa jicho moja: "Bado. Bado. Kumi na nane, funga." Havutwi alipanda kiti cha abiria kwa shida, akawa hajui miguu aiweke wapi.

Mwalimu akaingiza gia, wakaondoka. Mita mia tatu hivi zilikwenda vizuri. Kisha taa ya njano ikaanza kuwaka na kuzima, injini ikakabwa, na gari likawa linasinzia wakati yeye anazidi kukanyaga moto, yaani pedali ya mafuta.

"Linakufa," akasema.

"Halifi. Linakunyima nguvu." Havutwi alikuwa amefumba na lile jicho zima. "Si unasikia tek-tek-tek huko chini? Limeona gurudumu linateleza, linadhani tuko kwenye lami yenye maji, ndiyo maana linashika breki lenyewe na kukaba injini. Kwenye lami linakuokoa. Kwenye mchanga mzito linakumalizia mwendo, na mchanga hautaki mtu asiye na mwendo."

"Ukurasa wa themanini na kitu," Mwalimu akajibu. "Unabonyeza kitufe cha kuuzima ulinzi huo, huachii mpaka taa itulie." Akabonyeza, akahesabu kimoyomoyo. Taa ikatulia, injini ikavuta pumzi, gari likaenda. Havutwi aliutazama upande wa uso wa mkewe, kisha akatazama mbele haraka, maana alitaka kucheka na hakutaka aonekane anamcheka.

Kwenye mgongo wa katikati, mchanga unapopanda, Mwalimu aliuwaza mteremko wa ng'ambo, ambao hakuwahi kuushuka akiwa usukani, akaogopa, akakanyaga breki. Mguu wa Havutwi nao ulikanyaga sakafu tupu. Mchanga ukajikusanya mbele ya matairi. Alipokanyaga moto atoke, gurudumu moja la nyuma likazunguka bure na kuzama.

"Acha moto. Acha kabisa."

Mwalimu akatoa mguu.

"Nimeharibu," Mwalimu akasema.

"Hujaharibu. Ungeendelea kukanyaga ndiyo ungeharibu."

Mwalimu akashuka na koleo. Jua lilikuwa kali. Havutwi hakuweza kuchimba, wala kukaa ndani akimsikiliza mkewe anahema hakuweza. Akachukua mwavuli nyuma ya kiti, akasimama kando yake akimkinga jua. Kila mkewe aliposogea kutoka tairi hadi tairi, mwavuli ulimfuata. Hivyo ndivyo watu wa lori la saruji walivyowakuta: mwanamke wa miaka hamsini na minane anachimba, na Havutwi, yule Havutwi, ameshika mwavuli.

Dereva wa lori alishuka na kamba. Alijua anamzungumzisha nani, kwa hiyo aliongea kwa adabu. "Mzee, tuwasaidie? Habari hii haitatoka nje ya hapa."

Neno la kukataa lilikuwa tayari mdomoni mwa Havutwi, limezoea njia yake.

"Muulize dereva," akasema.

Mwalimu akajifuta paji la uso. "Asante, mwanangu. Ngoja kwanza nijaribu mara moja. Nikishindwa utanivuta."

Ndani ya gari Havutwi alimweleza kwa sauti ya chini. Difu hugawa nguvu kwa magurudumu mawili, lakini ina upole wa kijinga: likipatikana moja lisilo na pa kushika, hilo ndilo hupewa mzunguko wote, na mwenzake mwenye ardhi imara anasimama kama mgeni. Ukiifunga kwa kitufe chake, yote mawili lazima yazunguke pamoja.

"Nabonyeza, halafu?"

"Halafu usikimbilie moto. Taa ya difu bado inapepesa, meno yake hayajakutana. Rudi nyuma kidogo tu, kwenye alama zako mwenyewe."

Taa ikaacha kupepesa. Gari likarudi nyuma hatua tano, likasimama lenyewe bila breki, kisha likapanda kwa mwendo mmoja mpaka juu.

"Kata kulia," Havutwi akasema. "Njia yangu iko kulia."

"Hapana." Alinyoosha usukani. "Difu imefungwa, na huko kulia ni ubavu wa mlima. Halitakata kona, litateleza pembeni. Nashuka moja kwa moja."

Akashuka moja kwa moja. Chini, kwenye ardhi ngumu, akafungua difu kabla hajaambiwa.

Havutwi akamgeukia. "Hilo nalo limo kitabuni?"

"Limo. Lakini nimekaa kwenye kiti hicho cha abiria miaka kumi na tisa, nasahihisha madaftari. Ulidhani sikuwa nakutazama?"

Havutwi akaunyoosha mkono, akauweka begani kwa mkewe, mahali ambapo haungemsumbua kwenye usukani, akauacha hapo mpaka mji ulipoonekana.

Jicho lilipona vizuri. Havutwi alirudi kazini, lakini siku za Jumanne na Ijumaa Mwalimu ndiye aliyepeleka abiria, na walikuwapo waliongoja siku zake. Miezi mitano baadaye jicho la kushoto nalo lilihitaji kisu. Mwalimu alimpeleka, akamrudisha. Wakati wa kurudi, walipofika katikati ya mchanga, alisikia mkoromo. Havutwi, ambaye hakuwahi kusinzia ndani ya gari tangu awe utingo, alikuwa amelala, kichwa dirishani, mdomo wazi. Mwalimu akapunguza mwendo kidogo, akachagua njia ya mbali, ile isiyo na mabonde.