Majibu Matatu ya Mchungaji wa Wodini

Mchungaji wa hospitali hunawa mikono kabla ya kuingia wodini, hufunga bomba kwa kiwiko, kisha hukunja leso yake mara nne. Mama mfagizi hamwamini hata chembe. Miezi yote hii anapiga deki huku ametega masikio, na ameshamsikia akitoa majibu matatu kwa sauti ileile laini, kama anayebembeleza mtoto. Mjane aliambiwa Mungu anapima imani yake. Baba wa kijana aliyegongwa na dereva mlevi aliambiwa Mungu amempa binadamu hiari, na dereva ndiye aliyechagua ubaya. Mwenye saratani aliambiwa Kristo naye aliteseka, na sasa anaugua pamoja naye. “Huyu humsoma mtu sura kwanza, ndipo achague,” mfagizi humnong'oneza nesi. “Ukweli gani huo unaobadilika kila kitanda?”

Kisha binti wa mchungaji akafia wodi ileile. Mfagizi alimkuta baba mtu kwenye stoo ya mashuka, ameuelekea ukuta, akijipa majibu yake yote matatu kwa sauti ileile laini, na kila moja akilijibu, “Hapana.” Mfagizi akashindwa kujizuia. “Baba mchungaji, na wewe limekuingia lipi?”

“Hata moja, mama.”

Akatoka, akanawa mikono, akafunga bomba kwa kiwiko, akakunja leso mara nne. “Kitanda cha nane wananisubiri,” akasema. Mfagizi akamfuata na ndoo yake, ametega masikio asikie atawapa lipi.