Bati la Ndege kwenye Goti la Tabea

Mke wangu Tabea tulimzika mwezi wa tatu, mvua zikianza. Mchungaji alisema maneno mazuri. Goti lake hakulitaja, nami naona ukiliacha goti humjui Tabea.

Aliteleza kwenye mfereji wa maji, mwaka wa pili baada ya vita vya pili vya dunia. Mfupa uliunga, goti likakosa nguvu. Akisimama, linajikunja.

Mimi ni mhunzi. Nilimfulia vyuma viwili vya kushika mguu huku na huku, na mikanda ya ngozi. Akaenda hatua sita.

“Baba Anaeli,” akasema, “umenifunga gogo kama ng'ombe mkorofi.” Akavua.

Kahawa ilikuwa inaiva. Tabea akatuma salamu Akeri kwa kaka yake Elirehema: Jumamosi ya wiki ijayo aje amrudishe kwao. Hakuwa na hasira. Alisema mke asiyefika kwenye kahawa yake ni mgeni, na mgeni huaga.

Asubuhi yake nikaenda Sakina kwa Loishiye, Mwarusha aliyeuza vyuma vikuukuu. Alikuwa na mbavu nne za bati, za ndege iliyoanguka wakati wa vita.

“Chukua, mhunzi,” akasema. “Zikiruka na mkeo, usinirudie mimi.”

Zilikuwa nyepesi kama maganda ya mgomba. Ya kwanza niliipinda baridi, ikapasuka. Nikamuuliza fundi mmoja Kalasinga mjini. Akaniambia: paka sabuni, pasha moto, sabuni ikiwa nyeusi kabisa tia majini. Alitaka kuongeza neno, nami nilikwisha shika njia.

Ijumaa nikafanya hivyo kwa ubavu wa pili. Chuma changu ninachokijua, ukikitoa motoni ukakitia majini, kinakuwa kigumu. Huu ulitoka laini, ukipindika mkononi kama mkanda. Nikajua nimeuua. Nikautupa jikoni kando ya mafiga.

Jumamosi nilishinda nimekaa. Jumapili kanisani. Jumatatu ilikuwa zamu yetu ya kuzibua mfereji. Jumanne nikamkuta Tabea amekaa chini, anakwangua sufuria kwa ule ubavu.

“Baba Anaeli, si ulisema huu umekufa?”

“Umekufa.”

“Basi ikunje maiti yako.”

Nikaushika. Haukupinda. Nikauwekea goti na uzito wangu wote: ta! Vipande viwili.

Haukupigwa nyundo, haukurudi motoni. Ulikuwa umelala tu siku nne.

“Unapata nguvu ukilala,” Tabea akasema. “Lakini ukishalala haupindiki tena. Basi nipime ukiwa bado mbichi.”

Zilibaki mbavu mbili, na mguu una pande mbili. Tena kulikuwa na jambo jingine. Baba yangu alinifundisha kwamba mwanamke hakai karibu na mivukuto ya kupulizia moto, kazi itaharibika. Lakini kutoka mivukutoni mpaka nyumbani, kumkalisha, kumfunua mguu, kuanza kupinda: sikujua ubichi ule unakaa muda gani. Nilisimama mlangoni kitambo. Kisha nikambeba, nikamkalisha kando ya mivukuto, pale pale alipokaa baba yangu.

Sabuni ikawa nyeusi. Nikazitia mbavu zote mbili majini, nikazipinda juu ya goti lake, kwa mikono mitupu. Alikuwa anacheka, maji yanamwagikia.

Hakuvaa siku ile. Aliziweka juu ya kabati, akakataza zisiguswe. Kila asubuhi alibonyeza moja kwa kidole gumba, akasema, “Bado.” Mimi nilitazama sana, sikuona kitu. Rangi ile ile, uzito ule ule. Kitu kilikuwa kinajipanga humo ndani bila sauti. Mpaka leo sijui ni nini. Nimekuwa mhunzi miaka arobaini, nikidhani nguvu inatoka kwenye mkono wangu.

Jumamosi Elirehema akafika na punda, jua limepanda.

“Shikamoo, shemeji. Dada yangu yuko tayari?”

“Marahaba. Hayumo ndani.”

Tulimkuta kwenye kahawa, mstari wa tatu, amesimama. Mikanda ya zile mbavu nilikuwa nimeikaza alfajiri. Kikapu kilijaa, gunia moja lilijaa, na la pili lilifika nusu.

“Dada, nimekuja kukuchukua.”

“Punda umemleta?”

“Nimemleta.”

“Vizuri,” Tabea akasema, hakuacha kuchuma. “Mpakie hilo gunia lililojaa.”

Elirehema akanitazama. Nikaenda kumshikia punda.