Siku Tuliyompokea Bwana Theluji

Uvumilivu wangu ulikatika saa mbili asubuhi kwenye uwanja wa Kiwanjani, karani wa chifu aliposema, "Mvumilie kidogo mama zangu, mgeni anatoka mbali." Alisema hivyo akiwa ndani ya koti. Sisi tulikuwa na leso tu, na watoto tuliowaogesha alfajiri ili wapendeze.

Siku mbili kabla karani huyo alikuwa amepita sokoni na kipaza sauti: "Theluji atafika Isiolo mapema mwaka huu, Alhamisi asubuhi! Wenye watoto na mbuzi wachanga wajitayarishe!" Watoto na mbuzi? Tukajua huyo Theluji ni afisa wa chanjo. Alhamisi hiyo asubuhi mbuzi wa mama mkwe wangu walikataa kutoka bomani. Akawavuta kwa masikio: "Tokeni, msiniaibishe mbele ya serikali!"

Upepo ulikuwa unakata. Midomo ya Safiya wangu, miezi saba, ikaanza kutetemeka. Nikainua macho kumwomba Mungu, nikaona Mlima Kenya: mweupe mpaka kiunoni. Hapo ndipo somo la jiografia lilinirudia.

"Karani!" nikapiga kelele. "Theluji ameshafika! Yule pale, amekaa juu ya mlima!"

Watu walicheka. Safiya akalazwa siku nne, kifua kimembana. Karani alikuja kumwona hospitali, akasema, "Mimi nilisoma tu walichotuma watu wa mlimani, wa Timau. Waulize wao."

Haya. Nitawauliza.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi. Safiya alikuwa anapumua vizuri, nikamwachia mama mkwe pamoja na uji. Nilipanda mbele kwenye lori la ng'ombe la Ekai, Mturkana jirani yetu.

"Habari, Mama Safiya? Unaenda kumshtaki nani?"

"Theluji."

"Huyo hata polisi hawamwezi. Ukimshika anakuwa maji."

Kwenye njia panda ya Subuiga baridi iliingia mpaka kwenye magoti. Ekai alinipa gunia nijifunike. Huko nyuma ng'ombe waliacha kelele, wakabanana. Hata wao hawakungoja kipaza sauti.

Timau, saa tatu. Kituo cha hali ya hewa ni nyumba moja, mkebe wa kupimia mvua na sanduku jeupe lenye miguu minne. Nilidhani ni mzinga wa nyuki, kumbe ndani mna vipimajoto. Mpimaji, Bwana Mutuma, alinipa chai kabla hajajua nimekuja kugombana.

"Wewe ndiye uliyetuletea Theluji?"

"Mimi nilimwona tu, dada. Upepo uligeuka ukatoka mlimani, na zebaki ikashuka sana ndani ya saa moja. Nikajua hewa ya baridi inapita."

"Mama mkwe wangu anao mbuzi wanaojua hayo bila sanduku."

"Basi mlete hapa, mimi niende likizo."

Akafungua daftari, akanionyesha nakala ya aliyotuma. *Theluji imefika mlimani mapema mwaka huu. Baridi kali itashuka Isiolo Alhamisi asubuhi. Wenye watoto na mbuzi wachanga wajitayarishe.*

Nilisoma mara mbili. Karani alikuwa ameruka mstari wa katikati, akabakiza Isiolo na Alhamisi yake tu. Halafu ile "imefika mlimani" akaifanya "atafika Isiolo", na nani angeshtuka? Kwetu hata gari anakuja, mvua anakuja. Hasira niliyopanda nayo mlima mzima ilikosa pa kukaa. Mzee huyu alikuwa amesema kweli, tena mapema.

Saa nane nilishuka na lori la viazi, matiti yamejaa yananiuma. Safiya alininyonya kama anayenidai. Mama mkwe akauliza, "Umemwona?"

"Nimemwona. Anasema mbuzi wako wana akili kutuzidi."

"Hilo nilikuwa najua. Ni serikali ilinichanganya."

Jumanne asubuhi nilipeleka barua hii kwa D.O., mkubwa wa tarafa, ikapigwa muhuri:

*Bwana, namshtaki karani kwa kuruka mstari mmoja, ule wenye baridi. Namshtaki pia kwa koti. Mshtakiwa wa pili ni mimi, niliyesoma mpaka kidato cha nne, nikalijua neno theluji, na bado nikamwogesha mtoto kumpokea. Naomba habari za mlimani zisomwe zote, na iandikwe "barafu", ambayo kila mtu hapa anaijua. Na anayesoma asimame uwanjani na sisi, avue koti kwanza. Mbuzi hawana makosa.*