Bakuli la Tatu

Huko kwenye nyika za Mongolia, mgeni huuliza habari za mifugo kabla ya habari za watu: "Mifugo imenona?" Na jibu ni moja tu, hata kama nusu ya kundi inakata roho: "Imenona, inaendelea vizuri." Madaktari wa mjini waliliandika jibu hilo kwenye fomu, wakawasha gari, wakaondoka. Ndiyo maana miaka nenda rudi taarifa zao zilisema mbuzi wa kule hawaugui!

Nyamsuren, binti wa wafugaji aliyekuwa mtafiti wa magonjwa ya mifugo, alijua kwamba ukweli hutoka kwenye bakuli la tatu la chai ya maziwa yenye chumvi. Kwa miaka kumi na tisa alizunguka hema kwa hema, akinywa na kungoja. Daktari wa karibu alikuwa mwendo wa siku mbili, kwa hiyo kila aliposikia ukweli alimfundisha mwanamke mmoja kudunga sindano, akamwachia mkoba wa dawa. Wa kwanza alikuwa mama Khorloo, mjane mwenye ulimi mkali.

"Mama, sindano hiyo unaishika kama mwiko," Nyamsuren alimtania.

"Na wewe chai unaifakamia kama ngamia. Kunywa, mwanangu, nikwambie la maana."

Nyamsuren aliwaapia wanawake hao kwamba majina yao hayatatoka daftarini mwake, kwani kundi lenye ugonjwa likijulikana, serikali huliua lote. Nakala moja tu ya daftari hilo aliiweka kwa Profesa Dashzeveg, aliyemlea kazini tangu ujana. Kikulacho ki nguoni mwako. Homa ya mbuzi ilipozuka, profesa akataka sifa kwa wakubwa, akawakabidhi orodha nzima. Mbuzi mia mbili wa Khorloo, wengi wakiwa wameshapona, walipigwa risasi na watu wa serikali na kufukiwa siku moja.

"Sayansi haina siri, binti yangu," profesa alisema, macho kwenye karatasi zake.

"Usiniite binti yako."

Nyamsuren aliondoka. Kilichomuuma zaidi ni kwamba machoni pa wafugaji aliyesaliti hakuwa profesa. Alikuwa yeye.

Mwaka uliofuata homa ilirudi. Nyamsuren alipakia chanjo, akaenda moja kwa moja kwa Khorloo, aliyeanza upya na mbuzi thelathini wa kupewa na ndugu. Alipokelewa kwa heshima zote. Bakuli la kwanza likaisha, la pili likaisha. Nje ya hema mbuzi walikuwa wakikohoa.

Khorloo akajaza la tatu, akampa kwa mikono miwili.

"Mama, nawasikia," Nyamsuren alisema. "Chanjo ninayo garini. Wazima bado tunawawahi. Siandiki jina, hata kalamu sikuja nayo."

"Hao ni wa jirani."

Jirani wa karibu alikuwa mwendo wa nusu siku kwa farasi.

"Mama, tafadhali. Mifugo imenona?"

Khorloo alimtazama usoni, bila hasira.

"Imenona, daktari. Inaendelea vizuri."