Mama Alikwenda Mutaho na Jembe

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, niliyofukuzwa kwa heshima zote kwenye kilima cha babu yangu mwenyewe. Nasema kwa heshima, maana nilipewa kiti, nikapewa maji ya kunywa, nikatakiwa safari njema kabla sijamaliza hata kueleza nimetoka wapi. Kufumba na kufumbua, niko barabarani.

Nimeikumbuka kwa sababu yako. Juzi ulikaa hapa na simu yako ukaniambia mnasoma habari za Waseminole, wale watu wa Florida kule Amerika. Ukanieleza kwamba wengi wao waliondolewa kwao kwa nguvu wakapelekwa mbali magharibi, na kwamba kati yao waliishi pia Weusi waliotoroka utumwa. Wajukuu wao hadi leo wanatafuta koo zao, na wewe umepewa kazi ya kueleza mtu anavyotafuta. Ukaniuliza, "Babu, mtu anaanzia wapi?" Nikacheka. Amerika sijafika, na kwa magoti haya sitafika. Lakini kutafuta ukoo uliotawanywa nakujua, na aliyenifundisha ni mama yangu Velediyana, mwanamke ambaye mpaka leo sijaona wa kufanana naye.

Sisi tulikulia Tanzania, katika kambi ya wakimbizi. Baba yangu alivuka mpaka kutoka Burundi wakati wa mauaji, akiwa mtoto mdogo, mgongoni kwa watu ambao hawakuwa ndugu zake, akafa kabla sijapata akili. Alichotuachia ni maneno machache: kwao ni Mutaho, baba yake aliitwa Bigirimana, na nyuma ya nyumba yao kulikuwa na chemchemi. Basi. Na unajua kwetu Burundi kila mtoto ana jina lake, halifanani na la babaye wala la nduguye. Huwezi kushika jina moja ukalifuata hadi kwa babu.

Tuliporudi tulipata shamba Giteranyi, huko Muyinga. Hapo ndipo nilipomwona Spesiyoza. Jamani! Nikawa naota mchana. Naye akanikubali. Lakini baba yake aliniuliza swali moja tu: "Uri mwene nde? Wewe ni mtoto wa nani?" Hakuuliza kwa dharau. Posa haisemwi na mwenye kuoa. Husemwa na mzee wa ukoo wake, anayesimama mbele ya watu na kumjibia, ili pia ijulikane kwamba mtu haoi dada yake. Mimi nilikuwa na mama tu. "Niletee mtu wa kukusemea kabla ya mavuno ya maharage," akasema. "Baada ya hapo kuna wengine wanaobisha hodi."

Basi nikafunga safari peke yangu, nikafika Gitega, nikafika Mutaho. Nilikuwa nimevaa koti. Kwa akili zangu za ujana nikaona njia fupi ni kuuliza mipaka: shamba la Bigirimana lilianzia wapi, liliishia wapi, nani alipakana naye. Si jirani ndiye anayemjua jirani? Nikawa napita huku natazama miti ya mipaka. Mzee mmoja aitwaye Misago, aliyekuwa anapalilia migomba karibu na chemchemi, ndiye aliyenipa kile kiti na yale maji. Akasema, "Sisi hapa tumehamia juzi, mwanangu. Huyo hatumjui." Heh! Amehamia juzi, na migomba yake mizee kuliko mimi!

Mwenye duka pale senta, Saidi, Mwislamu mtoto wa Gitega mjini, akanionea huruma. "We kijana, mi nikuambie kweli," akasema. "Huku watu iko na woga ya shamba. Mtu anarudi toka Tanzania, leo anauliza mpaka, kesho anawapeleka ku tribinali, mbele ya hakimu. Nani atakujibu?"

Nilimkuta mama nyumbani anachambua maharage. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuinua kichwa. Kisha akasema, "Ulikwenda kama mpima viwanja. Ningekuwa mimi huyo Misago, hata maji nisingekupa." Lo, iliniuma! Nikamwambia basi, ndoa imekufa. Akainuka, akachukua jembe lake nyuma ya mlango. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," akasema. "Sisi tutalishika siku ya kwanza."

Tulikwenda wakati wa kupanda. Saidi akatupa chumba nyuma ya duka. Kule kilimani watu hulima kwa ikibiri: leo wote kwa fulani, kesho wote kwa mwenzake, hadi kila nyumba ipate zamu yake. Anayekuja na jembe hazuiwi. Mama akaingia kwenye mstari akalima. Alilima, mwanangu! Mwanamke aliyekohoa kambini miaka nenda miaka rudi alikuwa anawaacha wasichana nyuma na kuwatania, "Mnalima au mnaikuna ardhi?" Wakampenda. Lakini hakuuliza habari za mtu yeyote, na mimi nilikuwa naungua, maana maharage yaliyopandwa hayamsubiri mtu. "Mama, uliza basi," nikamnong'oneza. "Nyamaza ulime," akanijibu.

Ikafika zamu ya shamba la Misago. Tulipokaa kupumzika, pombe ya ndizi ikipita mkono kwa mkono, bibi mmoja akamgeukia mama. "Wewe umetulimia sisi wote," akasema. "Na sisi tutakuja kukulimia wapi?"

Swali hilo ndilo mama alilokuwa analisubiri tangu siku ya kwanza, nami sikuwa nimeng'amua. Akasimama, akaliweka jembe chini mbele yao. "Kwangu ni Giteranyi," akasema. "Shamba ninalo na linanitosha. Marehemu mume wangu alikuwa mtoto wa Bigirimana wa hapa, alibebwa mdogo wakati wa kukimbia. Kijana wangu huyu anataka kuoa na hana wa kumsemea. Sitaki hata mgomba mmoja. Natafuta mdomo, sitafuti shamba. Mkitaka kunilipa, nilipeni hivyo."

Watu wote wakawa wanamtazama Misago, na Misago anatazama udongo. Mwishowe akasema polepole, "Mume wako aliitwa Nahimana." Mama hakuwa amelitaja jina hilo. "Ni mdogo wangu. Nilikuwa nimejificha kwenye migomba hii, nikamwona anabebwa. Miaka yote nimemhesabu na wafu." Kisha akanigeukia mimi. "Ulipokuja unatazama mipaka, mwanangu, niliogopa. Shamba hili ni la baba yetu sote wawili."

Mama akampa mkono. "Lilime, shemeji," akamwambia. "Wewe tuazime mdomo tu."

Siku ya posa Misago alifika Giteranyi amevaa koti langu nililomwazima, mikono imempita kidogo. Hakuja peke yake. Walikuja pia wenzake wa ikibiri, na kabla ya kwenda ukweni walipita kwanza kwa mama wakamlimia shamba lote, wakanawa, ndipo tukaenda. Huko baba yake Spesiyoza akauliza tena swali lile lile. Misago akasimama. Alitaja baba, akataja babu, akapanda hadi majina ambayo sikuwahi kuyasikia, na wazee wa pale wakaridhika kwamba damu hazigongani. Kisha Misago akanishika bega. "Nahimana hayupo kumjibia mtoto wake," akasema. "Kwa hiyo nasema mimi. Ni uwanje. Ni wangu." Mama alijifunika uso kwa kitenge akalia mbele za watu, na mimi nililia bila hata kujifunika. Spesiyoza huyo ndiye bibi yako, anayekuita hapo jikoni uji usipoe.

Sasa nikujibu. Desturi za Waseminole sizijui, na usimwache mtu akudanganye kwamba anazijua kwa kusoma tu. Lakini popote watu walipoondolewa kwao kwa nguvu, aliyebaki ana hofu yake na aliyekwenda ana kidonda chake. Usiwaendee na maswali ya mipaka. Jitambulishe wewe kwanza, sema wazi unachotafuta na usichokitaka, tena useme mbele ya watu. Mkono mtupu haulambwi: fanya nao kazi hata kama ni ya kuosha vyombo. Kaa mpaka wao ndio wakuulize. Na wahi, mwanangu. Mama angechelewa miaka michache tu, Misago tungemkuta kaburini.

Nenda, kitukuu wa Velediyana. Mungu akupe mikono isiyoona haya kushika jembe la mtu mwingine, akupe na subira ya yule mama. Na popote utakapoulizwa u mtoto wa nani, asikosekane mtu wa kusimama na kusema wewe ni wake.