Yule wa Ngamia

Juzi kwenye semina ya wafanyabiashara wa mifugo, kijana mmoja alitufundisha namna ya kukumbuka sura za watu. Mwenye pua kubwa mfungie jembe akilini, mwenye kipara mfungie kibuyu. Watu wakapiga makofi. Mimi nikachukua kofia yangu nikatoka nje, damu inanichemka. Mimi ndiye wa kufundishwa hayo?

Sisi tulionunua mifugo soko la Isiolo tuliyajua hayo kabla babake hajazaliwa. Majina hatukuyashika, maana kila mtu wa pili aliitwa kama mwenzake. Mtu tulimkumbuka kwa mnyama aliyemleta: huyu wa beberu mweupe, huyu wa ndama kilema. Nikiona sura, mnyama anakuja mwenyewe kichwani. Na hivyo ndivyo nilivyomwangamiza mtu asiye na kosa.

Ilikuwa wakati wa vita vya Shifta, waasi wa kaskazini walipopigana na serikali. Asubuhi moja askari walizunguka soko, wakawakalisha wanaume chini juani. Asiye na kipande cha kitambulisho alitakiwa apate mtu wa mjini wa kumdhamini, la sivyo anapandishwa lori. Mzee mmoja wa upande wa Rapsu hakuwa na kipande, akaninyooshea kidole. Afande akaniita, akaniuliza kama namjua. Nikajibu upesi, kwa moyo safi kabisa, mjinga mimi:

"Namjua, afande. Huyu ni yule wa ngamia mwenye sikio lililopasuka."

Ngamia! Siku zile ngamia walikuwa wakipigwa risasi, eti ndio wanaowabebea shifta bunduki. Mwenye ngamia ni shifta, basi, kesi imekwisha. Na mimi nililijua hilo, kila mtu alilijua. Lakini mdomo ulitangulia.

Afande akacheka. Kicheko kile sijakisamehe hadi leo. Akamgeukia mzee, akamuuliza ngamia huyo yuko wapi.

Mzee akanitazama. Ngamia huyo nilikuwa nimemnunua mimi, wiki mbili tu kabla ya siku ile, na saa ile alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba yangu. Angesema tu kwamba ameniuzia mimi, yeye angekwenda nyumbani na mimi ningepanda lori. Kwa nini sikusema mwenyewe? Nilikuwa mwoga. Ndilo jibu, na miaka yote hii haijalibadilisha.

Mzee hakusema. Walimpiga kitako cha bunduki begani, wakamtupa kwenye lori kama gunia la chumvi. Hakurudi, na hakuna aliyewahi kuwaambia watu wake amezikwa wapi. Ngamia nilimchinja kesho yake, nikauza nyama nikisema ni ng'ombe.

Baada ya mwezi mmoja mkewe alinijia sokoni. Alikuwa ametembea kutoka Rapsu, nyayo zimepasuka. Tukasalimiana, salaam aleikum, aleikum salaam. Akanikazia macho, akasema ananikumbuka vizuri, yeye ndiye aliyeshika kamba siku tulipopatana bei. Hakuja kunilaumu. Alitaka tu niende naye kwa DC, nikaseme kwamba mumewe alikuwa ameshamuuza yule ngamia, na kwamba mnunuzi ni mimi.

"Mama," nikamwambia, "umenifananisha."