Grisi Kwenye Kucha

Harufu ya grisi ikinipanda puani, namkumbuka mgeni aliyeletwa darasani kwetu. Mwalimu alisema mama yule alisoma hapa hapa, sasa ni injinia wa mgodi na anashuka chini ya ardhi. Mimi sikumwamini. Kofia yake ngumu iling'aa kama sufuria ya dukani, na kucha zake zilikuwa safi kuliko za bibi harusi. Halafu baba yangu, mchimbaji mdogo, alishatuambia: mwanamke akishuka shimoni, dhahabu inakimbia.

Niliposimamishwa kuuliza swali, nikasema, "Shikamoo. Ukishuka shimoni, dhahabu haikimbii?"

Mwalimu akashika fimbo.

"Marahaba, binti yangu," mgeni alijibu bila kucheka. "Inakimbia. Ndiyo maana wananituma mimi niifuate."

Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilibaki nikiziangalia zile kucha.

Asubuhi hii, katika darasa lilelile, mwalimu mwingine ananitambulisha kwa wanafunzi: injinia, alisoma hapa hapa. Msichana wa dawati la mbele haniangalii usoni. Anakagua vidole vyangu kimoja kimoja.

Aangalie tu. Grisi nimeiacha makusudi.